Faili ya Mia Mbili na Kumi na Tatu

Faili zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Kamanzi alizihesabu mara mbili kwenye kompyuta ya zamani kabla hajachomeka waya, kwa sababu alikuwa mtu wa kuhesabu, na akazihesabu tena kwenye kompyuta mpya baada ya kazi kwisha. Huko zilikuwa mia mbili na kumi na tatu.

Alicheka kidogo. Mashine haiongezi chumvi, alijiambia, nimekosea mimi. Akahesabu tena, kidole kikishuka juu ya kioo mstari kwa mstari. Mia mbili na kumi na tatu.

Ilikuwa Jumanne, tarehe ishirini na tisa Novemba 1994, saa tisa alasiri. Umeme wa Kimihurura, mtaa wa Kigali, siku hizo ulikuja mchana na kuondoka kabla ya giza, kwa hiyo mwenye kazi ya kompyuta aliifanya jua likiwa juu. Nje kulikuwa na mwanga mzuri tu. Hakukuwa na sababu yoyote ya mtu mzima kuhisi baridi mgongoni.

Kompyuta ya zamani ilikuwa ya kukunja, ya kijivu, nzito kama tofali, betri yake imekufa na herufi zake zimepangwa Kifaransa. Haikuwa yake. Aliikuta Septemba kwenye dari, imeviringishwa ndani ya koti la mvua, siku alipopanda kutafuta bati lililovuja. Nyumba nayo haikuwa yake. Kamanzi alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Uganda, akasomea uhandisi wa maji Kampala, akaingia Kigali mwezi wa Agosti na mkewe Connie, wakaoneshwa nyumba tupu wakahamia, kama wengine walivyofanya. Hakuna aliyeuliza sana, maana wengi ambao wangejibu hawakuwapo tena.

Mwenye nyumba aliitwa Évode. Ndiye aliyesimamia mabomba ya jiji miaka kumi na minane. Alipotea mwezi wa Aprili, mauaji yalipoanza, na mwili wake haukuonekana. Jirani, mama mzee aitwaye Spès, hakutaka jambo hilo libaki wazi. Mwezi ule ule wa Septemba alipika pombe ya mtama, akawaita majirani waliobaki, wakakaa sebuleni kwa Évode kumaliza matanga yake bila kaburi. Mtungi ukawekwa mbele ya kigoda kitupu, na Spès akauliza ni nani atakunywa wa kwanza kwa niaba ya mwenye nyumba. Watu wakatazama chini. Kamanzi akaona aibu kuwa mgeni ndani ya nyumba ya watu na mtungi umekaa hivyo, akaketi kwenye kigoda, akashika mrija akavuta. Kwa adabu tu, jamani. Kambini hakuna aliyemfundisha mambo hayo. Spès alimkazia macho, akasema basi, mzee amepata mtu.

Na ndani ya kompyuta ile mzee alikuwa ameacha kila kitu. Vali zote za Kigali, moja baada ya nyingine: ilipo, imefukiwa kina gani, inafunguka upande upi, inapeleka maji mlima gani. Kamanzi alijua maneno machache tu ya Kifaransa, lakini namba na majina ya milima vilimtosha. Jiji lilikuwa kavu, watu wanachota mabondeni, na ramani za ofisini zimechomwa. Kamanzi akaanza kutoka alfajiri na spana begani, peke yake. Ndani ya miezi miwili maji yalipanda milima tisa. Wanawake walimshangilia barabarani. Walipomuuliza amejuaje, alisema anatembea na kuisikiliza ardhi. Uongo huo ulimtoka kirahisi mno, na baada ya kuusema mara ya kwanza ilibidi auseme kila siku.

Sasa Ijumaa inakuja. Ijumaa angewaeleza wageni wafadhili ramani yake, na baada ya hapo angetangazwa mkuu wa maji wa jiji zima. Wafadhili hao ndio waliompa kompyuta mpya. Alichobakiza ni kuhamisha faili, kufuta jina la Évode kila lilipo, kisha kuitumbukiza ile ya zamani chooni.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, na hilo ndilo lililokuwa likimnyima raha. Jumapili ya tarehe kumi na tatu msichana mmoja aligonga geti. Alivaa gauni la kuazima, refu kupita urefu wake. Alisema anaitwa Athanasie, binti wa Évode, alikuwa amefichwa na masista kusini na sasa anakaa Gisozi kwa shangazi yake, nyuma ya karakana ya maseremala.

"Sitaki nyumba," alisema. "Natafuta kitu ya papa. Iko mashine moja alikuwa anaandikaka kila jioni. Ama hata kakaratasi kamoja tu, mukubwa, niwe na maneno yake."

Kompyuta ilikuwa mezani, hatua sita nyuma ya mlango. Kamanzi aliwaza milima tisa, akawaza wanawake wanaoshangilia.

"Hakuna kitu hapa, dada," alisema. "Tulikuta nyumba tupu."

Msichana alishukuru. Hilo ndilo lililomchoma Kamanzi kuliko yote, kwamba alishukuru.

Basi Jumanne hiyo alitafuta faili iliyozidi akaipata mwisho kabisa wa orodha. Haikuwa na jina, ila namba: 213. Aliifungua. Ndani mlikuwa na mistari miwili ya Kifaransa. Alishindwa kuielewa, lakini umbo lake alilijua vizuri. Évode alikuwa na desturi ya kazi: kila jioni aliandika mstari mmoja, tarehe, alichofanya, na mtu aliyekuwa naye. Kamanzi alikuwa amefuta mamia ya mistari kama hiyo. Lakini tarehe ya mstari wa pili ilikuwa ya leo, na mwishoni, mahali pa jina la mwenzake wa kazi, palikuwa na jina Kamanzi.

Akaifuta faili. Akahesabu: mia mbili na kumi na mbili. Akafunga kompyuta mpya, na kabla hajaondoa mkono juu yake alisikia bomba la jikoni likifunguka.

Maji ya Kimihurura yalikuwa yamefungwa tangu asubuhi. Aliyafunga yeye mwenyewe. Alikwenda jikoni akakuta bomba linatiririka, akalifunga, likafunguka la bafuni. Akalifunga hilo, likafunguka la uani. Na humo ndani mkanuka chuma kilicholowa na katani yenye grisi, ile ambayo mafundi huzungushia nyuzi za mabomba, harufu ya mtu aliyetoka kazini na hajanawa.

Connie alirudi kutoka sokoni akamkuta mumewe amekaa chini uani, ameshika koki kwa mikono miwili. Alimuuliza kwa sauti ya chini nani amekuja na viatu vya mvua, mbona sebule nzima ina nyayo za maji. Kamanzi alitazama miguu yake. Alikuwa na kandambili.

Kesho yake, saa nane umeme ulipokuja, faili zilikuwa mia mbili na kumi na tatu. Mistari ilikuwa mitatu.

Ofisini kwake alikuwapo karani aitwaye Liliane, aliyekulia Bujumbura, aliyejua Kifaransa na Kiswahili sawasawa. Kamanzi aliinakili mistari ile kwenye kipande cha karatasi kwa mkono wake, akampelekea akisema ni barua ya rafiki. Liliane alisoma bila haraka, akitafsiri kidole kikiwa juu ya neno.

"Jumapili. Athanasie alikuja nyumbani. Kaka yake alimwambia hakuna kitu." Akashuka. "Jumanne. Tumehamia kwenye mashine mpya. Mimi na Kamanzi." Akashuka tena. "Jumatano. Vali kumi na saba bado imefungwa." Akainua uso. "Huyu rafiki yako anaandika kama fundi wa zamani. Lakini huyo kaka ana roho mbaya, kumfukuza dada yake namna hiyo."

Kamanzi alichukua karatasi yake akatoka. Vali ya kumi na saba aliijua. Ilikuwa Gisozi, kwa maandishi ya Évode, na ndiyo pekee aliyoitafuta akaikosa. Ili ramani ionekane safi mbele ya wageni, alikuwa ameifuta.

Jioni hiyo alimweleza Connie yote, la msichana likiwa la mwisho kwa sababu lilikuwa zito kuliko ya mabomba. Connie alikuwa mlokole na hakupenda habari za waganga, lakini alikuwa amefuta nyayo zile kwa tambara mara nne, na mara nne zilirudi. Alhamisi asubuhi walishuka Biryogo, mtaa wa Waislamu, kwa mwalimu mmoja mwenye ndevu chache aliyesifika kwa kutoa majini. Mwalimu aliwakalisha kwenye mkeka, akasikiliza yote, akasoma kimoyomoyo juu ya bakuli la maji, akasubiri, akasoma tena. Maji hayakutikisika.

"Jini ningelisomea likatoka," alisema mwisho. "Jini hukaa pasipo pake. Huyu yuko kwake. Nyumba yake, mashine yake, kazi yake. Mwanangu, kwenye matanga ya mzee huyo, nani alivuta mrija wa kwanza?"

Kamanzi alisema ni yeye, lakini kwa adabu tu.

Mwalimu alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimtisha kuliko kama angekemewa. Alisema babu zake yeye walikuwa wa milima hii hii kabla ya kusilimu, na jambo hilo hata mtoto alilijua: anayevuta wa kwanza ndiye mrithi, ndiye mwana. Mzee aliitwa siku ile mbele ya watu, akaoneshwa mtoto wa kiume, akampokea. Hakuja kumfukuza mtu. Alirudi kumfundisha mwanawe kazi.

"Na yule binti uliyemfungia geti," mwalimu alimaliza, "kwa hesabu ya mzee ni dada yako. Mimi sina la kusoma hapo. Tafuta anachongoja ufungue."

Basi Kamanzi alifanya ambalo angepaswa kulifanya Septemba. Alimwomba Liliane aje nyumbani saa tisa, akamweleza habari za msichana na karakana anayokaa nyuma yake, akamkalisha mbele ya kompyuta ya zamani, akamfungulia faili ya mwisho kabisa, ya tarehe tisa Aprili, ambayo siku zote aliiruka kwa kuwa haikuwa na orodha ya vali. Liliane alianza kusoma kwa sauti ya kawaida. Kisha sauti ikashuka.

"Betri inakwisha. Naiweka mashine darini. Nakwenda kujificha ndani ya chemba ya vali kumi na saba, Gisozi, chini ya shamba la viazi, hatua arobaini chini ya karakana ya mbao. Naijua mimi peke yangu. Atakayesoma haya anisaidie. Athanasie yuko kwa masista wa Save, kusini. Amwambie nilipo, aje afungue."

Mvua ilikuwa imeanza nje, mvua ya mchana isiyo na radi, na ndani ya mlio wake Kamanzi alisikia mlio mwingine ukitoka korido, chwap, chwap, buti za mpira zilizojaa maji zikitembea bila haraka kama mtu anayerudi nyumbani akijua chai inamngoja, zikapita mlango wa chumba, zikapita kabati, na ile harufu ya chuma na katani ikaja mbele yake ikajaa sebule mpaka Connie akaziba pua kwa khanga, na kiti kitupu kilichokuwa kando ya Kamanzi kikavutwa nyuma taratibu, kikakaliwa, mbao zake zikalia kwa uzito, na maji yakaanza kudondoka kutoka kwenye kiti hicho kikavu, tone kwa tone, juu ya sakafu.

Hakuna aliyepiga kelele. Liliane alisimama, akachukua mkoba wake.

"Hii umekaa nayo tangu lini?" aliuliza.

"Septemba."

"Yule mtoto hulala hatua arobaini juu ya baba yake," Liliane alisema. "Kila asubuhi anapita hapo kwenda kuchota maji." Akatoka bila kuaga, na Kamanzi alitamani angalau angemtukana.

Ungedhani baada ya hapo angekimbia Gisozi. Hakukimbia. Nasema kama ilivyokuwa, maana hadithi ya kumpaka mtu mafuta haina faida kwa mtu. Usiku ule hakulala, na asubuhi alivaa koti akaenda mkutanoni na kompyuta mpya kwapani, akijiambia kwamba atafanya kwanza la wageni, halafu la marehemu, maana marehemu amekwisha ngoja miezi minane na hawezi kushindwa kungoja saa mbili zaidi. Hayo ndiyo aliyojiambia. Mpaka uzeeni anapoyakumbuka hufumba macho.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wageni wakakaa mbele na vitabu vyao vya kuandikia, na wenye vyeo wakawafuata. Kamanzi alifungua kompyuta ili aanze na ramani, na ramani haikuja. Ilikuja ile faili, na mstari mmoja mpya.

Kifaransa chake kidogo kilitosha safari hii. Ijumaa. Mkutano. Mimi na Kamanzi.

Kiti cha kando yake kikavutwa. Hakuna aliyegeuka isipokuwa yeye, kwa sababu hakuna mwingine aliyesikia. Na hapo, kwa mara ya kwanza, hakuogopa. Alihisi kitu kibaya kuliko woga. Mzee alikuwa amekuja mkutanoni kama baba anavyokuja shuleni siku ya zawadi, amekaa kimya kando ya mwanawe, na hakuwa na hasira hata chembe. Angekuwa na hasira Kamanzi angevumilia.

"Kazi hii si yangu," alisema. Akarudia. "Si yangu. Ni ya Évode. Niliikuta ndani ya nyumba yake. Binti yake alikuja kuitafuta nikamwambia hakuna kitu."

Wageni walitazamana. Mkuu wa kikao alimwambia injinia amechoka, apumzike kidogo. Kamanzi alikwisha toka nje.

Waliichimba vali ya kumi na saba alasiri hiyo, yeye na maseremala wanne, katikati ya viazi vya shangazi wa Athanasie. Mvua za Aprili zilikuwa zimeporomosha udongo wa kilima juu ya mfuniko, mita nzima ya udongo, na aliyekuwa ndani asingeweza kuuinua. Sitaeleza walichokikuta, ila buti zilikuwapo, na koki ya vali ilikuwa imefungwa kwa mkono wake, ili chemba isijae. Athanasie alisimama pembeni tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakulia. Alipopewa kompyuta ya zamani aliipakata kifuani kama mtu anayebeba mtoto, ikiwa imezimwa, ikiwa haina betri.

Walimzika Jumapili. Cheo alipewa mtu mwingine, na Kamanzi akabakishwa fundi wa vali, kwa kuwa hakuna mwingine aliyezijua. Nyumba aliirudisha kwa Athanasie, yeye na Connie wakapanga chumba Gisozi. Kwa siku tatu mabomba yalinyamaza. Faili ya mia mbili na kumi na tatu haikuongezeka neno. Connie akasema Mungu asifiwe, yamekwisha.

Siku ya nne, saa kumi na moja jioni, bomba la chumba chao kipya lilifunguka peke yake. Kamanzi alifungua kompyuta mpya, aliyoachiwa kwa kazi ya vali, akakuta tarehe ya siku hiyo imekwisha andikwa, na mbele yake alama ya kuandikia inawakawaka, inangoja. Alielewa. Aliandika kwa Kiswahili: Vali ishirini na mbili, Kacyiru, imebadilishwa mpira. Akaongeza: Mimi na mzee. Bomba likajifunga.

Tangu hapo ikawa kila jioni. Akichelewa, maji. Akidanganya, akiandika amekagua vali ambayo hakuikagua, maji, na ile harufu, na kiti. Alirudi Biryogo, na mwalimu akasema iko njia moja tu: mwana wa damu avute mrija mbele ya watu, amwondoe aliyekaa mahali pake.

Basi Krismasi ilipokaribia, Spès alipika pombe ya mtama kwa mara ya pili. Majirani wakaja. Mtungi ukawekwa mbele ya kigoda katika sebule ile ile, na Kamanzi akapiga magoti mbele ya Athanasie akamwomba, akimwita dada, akamwambia hawezi tena, kila siku yake ina mtu anayeikagua, na kwamba mzee hamfokei, hamfokei kamwe, na hilo ndilo linalomuua.

Athanasie alikuwa amevaa gauni lake mwenyewe sasa. Alishika mrija, akautazama muda mrefu. Kisha akaugeuza, akamrudishia Kamanzi ncha ya kunywea.

"Ulikunywa wewe," alisema kwa upole. "Na siku ile nimekuja kwa geti, ulikuwa umekwisha kunywa. Papa anahitaji mutu wa kazi. Endelea, kaka."

Saa ilikuwa inakaribia kumi na moja. Huko jikoni, bomba lilidondosha tone la kwanza.